Straw Mat, leso na mkeka wa bibi: historia ya nakshi za nyuma ya skrini

Nilikuwa nimeahidi kuandika jinsi ya kutengeneza nakshi za mandhari ya nyuma kwa kutumia GIMP, zile picha ndogo zinazojirudia hadi zikajaza skrini nzima. Nilipoanza kuandika nikajikuta ninarudi nyuma zaidi ya nilivyopanga, hadi kwenye mkeka. Basi leo ni historia, na ufundi utaingia humo humo ndani.

Naandika nikiwa Hola. (Mimi nikitafuta "Hola" mtandaoni napata kwanza salamu ya Kihispania, kisha programu moja ya VPN, kisha, nikivumilia, mauaji ya wafungwa 11 wa Mau Mau katika kambi ya hapa tarehe 3 Machi 1959. Mji wenyewe, makao makuu ya Kaunti ya Tana River, huja mwisho kabisa.) Hapa ndipo nilipogusa kompyuta kwa mara ya kwanza, mwaka 2012, kwenye chumba cha shule chenye mashine kuukuu za msaada ambazo bado zilikuwa zikitumia Windows 98. Mtandao haukuwepo. Wengine walicheza karata. Mimi nilikuwa nafungua orodha ya picha za skrini na kuzibadilisha moja baada ya nyingine hadi mwalimu anifukuze.

Katika orodha ile palikuwa na picha moja iliyoitwa Straw Mat, yaani mkeka. Ilikuwepo hata kwenye Windows 95. Nilicheka sana siku ile. Nimetoka nyumbani asubuhi nimelala juu ya mkeka, nimekuja kuona maajabu ya Wazungu, na maajabu yenyewe ni mkeka! Tena palikuwa na nyingine iliyoitwa Black Thatch, ambayo ukiitafsiri unapata makuti meusi. Kitu kilichonishangaza zaidi nilikigundua baadaye kidogo: ukiondoa chaguo la kurudia na kuweka chaguo la kuiweka katikati, mkeka wote ulikuwa kipande kidogo kama kidole gumba, peke yake katikati ya skrini. Mashine ilikuwa inakipanga kile kipande kimoja, kama fundi apangavyo vigae sakafuni.

Kwa nini walifanya hivyo? Si kwa urembo tu. Ilikuwa umaskini wa kumbukumbu.

Hebu tupige hesabu. Skrini ya pikseli 800 kwa 600, kila pikseli ikichukua baiti 3 za rangi, ni baiti 1,440,000. Hiyo inajaza karibu disketi nzima kwa picha moja. Ukitaka kuituma kwa modemu ya biti 28,800 kwa sekunde bila kuibana, utangoja sekunde 400, yaani dakika 6 na sekunde 40, na simu inalipiwa. Sasa chukua kigae cha pikseli 64 kwa 64 chenye rangi 256: ni baiti 4,096, ongeza baiti mia kadhaa za jedwali la rangi. Sekunde moja na nusu, umemaliza. Skrini imejaa vile vile.

Wa kale zaidi walibana zaidi. Macintosh ya kwanza, iliyotoka Januari 1984, ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128 tu kwa kila kitu. Programu yake ya kuchorea, MacPaint, iliyoandikwa na Bill Atkinson, iliweka chini ya skrini safu ya nakshi za kujazia: matofali, mistari, nukta, magamba ya samaki. Nyingi zilichorwa na Susan Kare, msanii yule yule aliyechora aikoni za mashine hiyo. Kila nakshi ilikuwa pikseli 8 kwa 8, nyeusi au nyeupe. Ni biti 64, yaani baiti 8. Jina langu la kwanza halienei humo! Ndani ya baiti 8 mtu alikuweka ukuta wa matofali usio na mwisho.

Windows ikafuata, na mwaka 1995 mambo yakahamia kwenye wavuti, Netscape Navigator 1.1 ilipowaruhusu wenye kurasa kuweka picha nyuma ya maandishi. Kivinjari kilikuwa kinairudia picha hiyo chenyewe, kulia na chini. Mwishoni mwa 1996 sheria za CSS za kwanza zikaja na background-repeat, na mwandishi akaweza kusema rudia kwa upana tu, au kwa kimo tu, au usirudie kabisa. Waliokuwa na kurasa GeoCities katika miaka ile waliitumia fursa hiyo bila huruma: nyota, marumaru, mawingu, na maandishi ya njano juu yake yasiyosomeka. Kurasa hizo za Marekani zilifungwa Oktoba 2009, mwaka ule ule nyaya za SEACOM na TEAMS zilipofika pwani yetu. Yaani sisi tulipata kasi ya kupakia picha kubwa wakati wenzetu wakizika picha ndogo. Vigae vile nilivyovipenda vilikuwa tayari ni mambo ya kale nilipovikuta.

Tatizo la kigae ni moja tu: mshono. Ukikata kipande cha picha yoyote ukakirudia, ukingo wa kulia haukutani na ukingo wa kushoto wa jirani yake, na jicho linaona mistari kama ya wavu. Dawa yake kila mwanafunzi wa Photoshop au GIMP ameifanya. Unaisogeza picha nusu ya upana na nusu ya kimo, na kila kinachotoka upande mmoja kinaingia upande wa pili. Kwenye GIMP ni menyu ya Layer, halafu Transform, halafu Offset. Kingo zote nne sasa zimehamia katikati na kufanya msalaba, ambapo unaweza kuuona mshono na kuurekebisha kwa mkono, kwa kunakili vipande vya jirani juu yake. Kingo mpya zinakutana bila shaka yoyote, kwa sababu zilikuwa zimekaa pamoja katikati ya picha ya mwanzo.

Kwa mtu wa programu hii ni baki ya mgawanyo tu. Pikseli ya 70 kwenye kigae cha 64 ni pikseli ya 6. Ni kama saa: baada ya saa kumi na mbili hakuna saa kumi na tatu, tunarudi saa moja.

Nilidhani hayo ni mambo ya kompyuta. La. Waliochapa vitambaa walikuwa wameyajua kitambo. Mwaka 1783 Mskoti Thomas Bell alipata hataza ya mashine ya kuchapa kitambaa kwa silinda za shaba zilizochongwa. Fikiria silinda: inazunguka, na pale inapoishia ndipo inapoanzia. Mchongaji hana hiari, lazima ua linaloishia upande huu liendelee upande ule, la sivyo kila mzunguko utaacha alama kitambaani. Silinda ile ni kigae kilichokunjwa. Karne mbili kabla ya Photoshop kuuzwa, kanuni ya kurudi mwanzo ilikuwa inazunguka kwenye viwanda.

Na hapa ndipo historia inapofika pwani kwetu, kwa njia ya leso. Neno lenyewe ni la Kireno, lenço, kitambaa cha mkononi. Masimulizi yanayojulikana sana ni kwamba katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya mkononi vya rangi vikiwa bado havijakatwa, sita kwa pamoja. Wakakata vitatu kwa vitatu, wakashona mistari miwili ubavu kwa ubavu, wakapata nguo moja ya tatu kwa mbili ya kujifunga. Hiyo ndiyo leso ya kushona.

Soma tena kama mwandishi wa programu. Kigae kimoja, safu mbili, nguzo tatu. Na mshono uko wazi, umeshonwa kwa sindano!

Baadaye wafanyabiashara wakaagiza nguo hiyo ichapwe kipande kizima, mshono ukatoweka. Ikawa na pindo pande zote nne, mji katikati, na baadaye maneno chini. Duka la Kaderdina Hajee Essak pale Mombasa, lililoanza mwaka 1887 na linalojulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla, ndilo linalotajwa sana katika habari za hayo maneno. Leso na kanga zetu zikachapwa Uholanzi, Uingereza, India, Japani, na baadaye pia kwenye viwanda vya hapa Afrika Mashariki, kama Urafiki ya Dar es Salaam tangu 1968. Mimi hupenda kuwaambia wenzangu kazini kwamba pindo la leso ni somo gumu kuliko kigae cha kawaida. Linarudia likielekea upande mmoja tu, kisha linafika pembeni, na pembe lazima igeuke bila nakshi kukatika. Watengenezaji wa tovuti walihangaika na kona za visanduku kwa miaka mingi, wakikata picha vipande tisa. Mchoraji wa leso alikuwa ameshalala usingizi.

Programu za picha nitazipitia upesi maana habari zake ziko kila mahali. Photoshop ya ndugu Thomas na John Knoll ilianza kuuzwa Februari 1990. Mwaka 1992 ikaja Kai's Power Tools, ya kuongezea kwenye Photoshop, iliyomwezesha mtu kuzalisha tekscha, yaani sura ya uso wa kitu kama jiwe, mbao au moshi, kwa kubofya tu. GIMP ilianza mwaka 1995 kama kazi ya wanafunzi wawili wa Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na toleo la 1.0 likatoka mwaka 1998. Kwangu hii ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu ni ya bure na halali, na katika chumba kile cha shule hapakuwa na mtu wa kununua Photoshop.

Ila lazima nimtaje Ken Perlin. Alifanya kazi katika kampuni iliyotengeneza sehemu za filamu ya Tron ya mwaka 1982, na hakupenda jinsi kila kitu kilivyoonekana laini, safi, cha mashine. Akatafuta njia ya kuitia hesabu uchafu kidogo: bahati nasibu, lakini yenye mpangilio, ambapo nukta jirani hufanana. Alichapisha makala yake mwaka 1985, na mwaka 1997 akapewa tuzo ya ufundi ya Oscar. Ukifungua GIMP ukatafuta Solid Noise kwenye vichujio vya kuzalisha picha, uko katika ukoo wake, na kuna kisanduku cha kuweka alama ili noizi yenyewe izaliwe ikiwa haina mshono. Mawingu, marumaru, kutu, ngozi, vyote unaweza kuanzia hapo. Huhitaji kuficha kosa kama hukulifanya.

Sasa nije kwenye kosa langu mimi.

Mwaka 2017, nikiwa chuoni, nilikuja likizo na simu yenye kamera nzuri kidogo. Bibi mzaa mama alikuwa na mkeka aliousuka kwa ajili ya harusi ya mama. Kwa asiyejua: mkeka hausukwi mzima. Unachana majani ya mkindu au mkoma, unapata miyaa, unachemsha mingine kwenye rangi, unasuka ukili mrefu mwembamba, halafu unashona ukili kwa ukili hadi upana utoshe. Mkindu unapatikana kwenye misitu ya kando ya mto kuelekea Garsen, ile misitu ya garagarasa na kolobasi wekundu ambayo serikali iliifanya hifadhi mwaka 1976. Mkeka ule wa bibi ulikuwa na nakshi ambayo sijaiona kwingine. Ina jina lake kwa Kipokomo, nami sitaliandika hapa kwa sababu bibi hajaniruhusu.

Nikaupiga picha. Nikakata kipande cha pikseli 512 kwa 512, nikafungua GIMP, na kwa uvivu sikutumia Offset na mkono. Nilibofya Make Seamless, kichujio ambacho toleo la 2.10 lililotoka mwaka uliofuata linakiita Tile Seamless. Sekunde moja, mshono haupo. Nikaweka kigae kwenye tovuti yangu ya chuo, marafiki wakasifu, nikahifadhi juu ya faili ile ile. Simu yenye picha ya mwanzo ikaibiwa kwenye matatu mwezi uliofuata. Sikuhuzunikia picha. Mkeka si upo?

Mafuriko ya Aprili na Mei 2018 mnayakumbuka. Mto Tana uliingia majumbani, watu wakahamia kambini. Mkeka ukaenda na maji pamoja na mengine mengi, na kwa siku zile hakuna aliyekuwa na nafasi ya kulilia mkeka.

Mwaka jana ndipo binti mmoja wa kwetu alipotaka kujifunza nakshi ile. Bibi sasa macho yamepungua na vidole vinauma, lakini alisema akiiona atakumbuka hesabu: mwaa huu upite juu ya mingapi, chini ya mingapi, ugeuke wapi. Nikasema hakuna shida, ninayo. Nikafungua kigae kwenye kompyuta, nikakikuza hadi kikajaa skrini, nikamsogezea kiti.

Alianzia katikati, akawa anahesabu kwa sauti, kidole kikigusa kioo. Alikwenda vizuri. Kisha akasimama, akarudi nyuma, akahesabu tena.

"Mume wangu," akasema, maana ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mtoto, "hapa miyaa miwili imelala mahali pamoja. Mkeka huu nani kausuka?"

Nilijua mara moja ni nani. Kile kichujio hakirekebishi mshono, kinaufunika. Kinachukua nakala ya picha iliyosogezwa nusu, kisha kinaichanganya na picha yenyewe: katikati inabaki picha halisi, na kadiri unavyokaribia kingo nakala inazidi nguvu. Kwa mawingu au mchanga hutajua. Kwa mkeka, kila mwaa ulioko kati ya katikati na ukingo ni mizuka miwili iliyolaliana, mmoja wa mahali pake na mwingine wa mahali pengine. Kwa mbali unaonekana mkeka. Ukihesabu, hauwezi kusukwa. Na pale nakshi inapogeuka, ndipo penyewe palipochanganywa.

Nilijaribu kuitenganisha. Nilidhani inawezekana kwa kiasi fulani: ukijua uzito uliotumika kila mahali, kila pikseli ni jumla ya mbili, na pikseli iliyosogezwa nusu ingekupa mlinganyo wa pili wa zile zile mbili. Niliandika programu ndogo kwa Python, nikashangilia, nikaiendesha. Kumbe uzito wa pikseli hizo mbili hukamilishana kila mahali, kwa hiyo milinganyo miwili ni mmoja tu, huna cha kugawanya. Tena faili yangu ilikuwa JPEG iliyobanwa sana (nilitaka ukurasa uwe mwepesi, umaskini ule ule wa kumbukumbu). Mgeuko sikuupata.

Tangu mwaka 2016 tunayo sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, nayo inazipa serikali za kaunti kazi ya kuweka rejista. Kuna mtu aliniambia nipeleke kigae changu kisajiliwe. Nikajiuliza, nitasajili nini? Nitaandikisha kwa jina la bibi kitu ambacho bibi mwenyewe amekikataa?

Kwa hiyo siku hizi nikipiga picha ya mkeka au kikapu naweka rula pembeni, napiga na upande wa nyuma, na faili ya mwanzo haiguswi, nakala tatu, mojawapo nje ya nyumba. Kigae natengeneza kwa Offset na mkono, na mahali nilipogusa naweka tabaka la pekee ili mtu aweze kulizima akaona kilichokuwepo. Binti yule ameshasuka sehemu ya katikati kwa hesabu ya bibi, ukili wa shibiri mbili hivi, na miyaa imeachwa wazi mwishoni. Bibi anasema yuko mama mmoja ng'ambo ya mto waliyesuka naye wakiwa wasichana, na kama yu hai anaujua mgeuko. Mvua zikipungua nitavuka na mtumbwi, nikauchukue ule ukili nimwonyeshe.